Kupanda Karthala, mlima wa moto wa Ngazidja

Nimerudi Unguja wiki iliyopita, na simulizi hii nimeipanga kutoka kwenye daftari nililokuwa nikiandika kila jioni na picha za simu. Nilipokuwa naaga, watu wengi waliniuliza Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, nafuata nini kama si harusi wala biashara. Nilifuata mlima. Karthala una urefu wa mita 2,361, uko hai, na kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa ndege wa saa moja na kitu tu. Watu wa kwetu wanaopenda kupanda huenda Kilimanjaro na Meru, wachache hufika Ol Doinyo Lengai, lakini huu ulio jirani hivi hautajwi. Naandika nikitamani mtu mwingine auendee, na aende akijua habari ya maji, maana ndiyo habari kubwa ya mlima ule na ya kisiwa kizima.

Alhamisi, 14 Agosti: Dar, Hahaya, Moroni

Nilisafiri na mdogo wangu wa kiume aliyemaliza chuo mwaka huu. Kabla ya kutua tuliuona mlima kwa dakika chache: chini kijani kizito, katikati buluu, juu mawingu matupu. Uwanja wa ndege uko Hahaya, kaskazini ya Moroni, mji mkuu, na barabara ya kwenda mjini inapita kati ya mawe meusi ya lava yaliyoteremka zamani mpaka baharini. Kuna mahali ukuta wa nyumba, uzio wa shamba na ufuo wenyewe vyote ni jiwe hilo hilo jeusi.

Viza tulipata hapo hapo uwanjani. Chukua euro taslimu za kutosha tangu nyumbani, tena noti ndogondogo. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro, takriban faranga 492 kwa euro moja, kwa hiyo hesabu ni rahisi, na madukani wengi wanapokea zote mbili. Kadi ya benki iweke mfukoni kwa dharura tu.

Agosti ni msimu wa wale wanaoitwa "je viens", Wakomoro wanaoishi Ufaransa, hasa Marseille, wanaorudi kwa ajili ya harusi kubwa za ada. Vyumba vinakuwa adimu na teksi zinajaa. Sisi tuliokolewa na baba mmoja aliyekuwa akipanga mabegi juu ya gari aliyoikodi. Alitusikia tukizungumza Kiswahili, akauliza, "Nyinyi wa Zanzibar?" Tulipoitikia akasema bibi yake mzaa mama alizaliwa Unguja, akasogeza watoto, tukaingia.

Njiani gurudumu la nyuma likapasuka, na gari haikuwa na jeki. Hatukukaa hata robo saa kabla vijana wa kijiji cha karibu hawajaja na jeki yao, na mama mmoja akatutolea mkeka tukae kivulini na papai lililokatwa vipande. Shughuli nzima ilichukua zaidi ya saa moja. Yule baba alitufikisha mpaka mlango wa nyumba ya wageni na akakataa mchango wetu. "Mkifika Unguja, nisalimieni Malindi," akasema.

Usiku umeme ulikatika. Tulikula barabarani kwa mwanga wa makaa: mishkaki, mihogo ya kuchoma na putu, pilipili yao ya kusaga, kali kwelikweli. Watu wawili, faranga 2,000, tukashiba.

Ijumaa, 15 Agosti: Moroni

Siku ya matayarisho. Asubuhi tulikwenda makumbusho ya CNDRS, taasisi ya taifa ya utafiti wa kisayansi, kumwona gombesa, samaki wa kale ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana huku Komoro mwaka 1952, na wavuvi wa visiwani wakashangaa kelele zote zile kwa samaki waliyemjua siku nyingi. Taasisi hiyo hiyo ndiyo yenye kituo cha kuangalia volkano, kinachosikiliza mitetemo ya Karthala usiku na mchana. Kwa anayepanda, kuuliza hali ya mlima hapo kwanza ni jambo la lazima.

Kiongozi wetu alitufuata baada ya sala ya Ijumaa, nje ya msikiti wa zamani wa Badjanani, uliojengwa mwaka 1427 na unaotazama bandari ya majahazi. Ni mtu wa makamo, zamani alikuwa akileta nguo kutoka Kariakoo, na Kiswahili chake ni cha Kariakoo hasa. Tulikubaliana faranga 35,000 kwa siku mbili, na 10,000 kwa kijana wa kubeba hema na sufuria. Bei iulize mapema na mkubaliane chakula cha nani ni cha nani. Hilo likisemwa mwanzo, hakuna maneno mwishoni.

Kisha akasema jambo alilolirudia mara nyingi: "Dada, maji. Lita tano kila mtu, usipunguze hata moja."

Mvua Ngazidja si haba. Moroni peke yake hupata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, na mlimani ni zaidi. Lakini kisiwa hakina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mawe ya volkano yana vitundu na nyufa, mvua ikishuka inazama pale pale, inapita chini kwa chini mpaka usawa wa bahari. Ndiyo maana Moroni wanayapampu maji kutoka visimani, na vijijini kila nyumba ina birika la saruji linalokinga mvua kutoka paani. Ukipanda mlima unayaacha yote hayo nyuma. Juu hakuna chemchemi wala kijito.

Basi tukaenda soko la Volovolo kununua chupa za maji, mikate, mayai, tende, ndizi na sardini. Mama aliyetuuzia tende aliposikia tunakwenda Karthala akaongeza kiganja kizima bila kupima.

Jumamosi, 16 Agosti: Mvouni hadi Convalescence

Teksi ilitufuata saa kumi na nusu alfajiri, faranga 3,000 mpaka Mvouni, kijiji kilicho juu ya Moroni. Kulipopambazuka tulikuwa tayari kwenye njia ya mashamba: migomba, majimbi, mikarafuu, na vanila iliyopandishwa kwenye miti midogo. Wakulima waliokuwa wanapanda na mapanga yao walitupita wakitusalimu, na kila mmoja aliuliza tunalala huko au tunarudi leo. Wapo wanaofanya safari hii kwa siku moja, wakianza saa tisa za usiku na kurudi jioni. Inawezekana kwa mwenye miguu mizuri, lakini kreta, yaani shimo la mlipuko kileleni, huonekana vizuri asubuhi, na anayetoka chini siku hiyo hiyo mara nyingi hufika wakati mawingu yamekwisha panda.

Kwenye nyumba za mwisho kiongozi alitupitisha kwa bibi mmoja anayemwita koko, yaani bibi. "Kwezi, koko," akamwamkia, na sisi tukaamkia vivyo hivyo. "Mbona," akaitika, akatukaribisha kwa mkono. Birika lake liko nyuma ya jiko, limefunikwa bati lenye jiwe juu. Aliinua bati, akateremsha ndoo ndogo ya kamba, akaivuta taratibu ili isigonge ukuta, kisha akachuja maji kwa kitambaa cheupe kwenye mtungi. Kitambaa kilibaki na jani moja na mbu wawili. Chupa tulizokwisha kunywa njiani alizijaza zote. Nilitoa pesa, akazirudisha mkononi mwangu na kunikunja vidole.

Niliuliza, kupitia kwa kiongozi, habari za mwaka 2005. Mlima ulilipuka mara mbili mwaka ule, Aprili na Novemba, na mara zote mbili ulimwaga majivu vijijini. Lava haikuwafikia, lakini majivu yaliangukia mapaa, na mapaa ndiyo yanayolisha mabirika. Maelfu kwa maelfu ya watu wakabaki bila maji ya kunywa, na misaada ikaletwa kwa magari. Bibi aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, akalifungua. Lilikuwa limejaa unga wa kijivu, laini juu, na ukiutia kidole chini unakwaruza. Aliyachota yeye mwenyewe kutoka kwenye birika lile lile walipolisafisha. Anasugulia masufuria. Alichukua chembe kidogo, akasugua kitako cha sufuria mbele yetu mpaka kikang'aa, akacheka.

Kutoka pale mashamba yanaisha na msitu unaanza. Njia ni matope juu ya mawe, na mawe yenyewe hayatulii mguuni. Kuna sehemu ndefu ya mipera ya porini iliyosongamana mpaka unapita umeinama. Kiongozi anasema mti huu unawasumbua, unaota haraka na kuziba miti ya asili. Juu yake miti inakuwa mikubwa, imevaa kuvu na majani ya kangaga, na maji yanadondoka kutoka kila tawi ingawa mvua hainyeshi. Unasikia matone pande zote na huwezi kujaza hata kikombe. Hapo nilielewa lita tano zile.

Viatu viwe vya kushika vizuri, na suruali ndefu. Fimbo itakusaidia zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda. Mlima sasa uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Karthala, kwa hiyo taka zote zishuke nawe.

Saa tisa alasiri tulifika mahali panapoitwa Convalescence, uwanda mdogo wa majani mafupi ambapo wapandaji wengi hulala. Baridi ilitushika mara tu tuliposimama. Wachungaji wawili, baba na mwanawe, walikuwa na ng'ombe wao hapo, na moto wao ulikuwa umeshakolea. Walituita tuote kabla hata hatujafungua hema. Tuliwapa mikate na sardini, wakatupa shelisheli walilolichoma zima ndani ya makaa, ganda jeusi, ndani njano na moto. Mdogo wangu, ambaye nyumbani shelisheli halili, alikula nusu peke yake.

Usiku bundi alilia karibu na hema, mlio mfupi uliorudiwarudiwa bila kuchoka. Kuna bundi mdogo anayeishi Karthala tu, hapatikani popote pengine duniani, na kiongozi alisema ndiye. Nilitoka na tochi lakini sikumwona. Nyota zilikuwa nyingi, na taa za Moroni chini kabisa, ukingoni mwa giza la bahari. Chukua nguo nzito: sweta, koti la mvua, soksi za ziada na kofia. Mtu wa pwani hawezi kuamini mpaka alale pale.

Jumapili, 17 Agosti: kreta ya Chahalé, na kushuka

Tulianza saa kumi na moja alfajiri baada ya kusali, kwa tochi za kichwani. Msitu uliisha, ikabaki miti mifupi ya erika yenye majani membamba mithili ya sindano, mingine ikiwa mikavu na myeupe tangu majivu yalipoichoma. Jua lilipotoka vindege vidogo vya kijani vyenye duara jeupe jichoni vilianza kuruka matawini. Nao ni wa huku juu tu.

Kufika ukingoni hakuna dalili nyingi. Unapanda mteremko wa changarawe, miti inapungua, na ghafla ardhi inakwisha. Mbele yetu kulikuwa na bonde pana, kilomita tatu kwa nne hivi, la majivu ya kijivu na lava nyeusi, limezungushiwa kuta. Hapakuwa na sauti yoyote ila upepo. Mdogo wangu alikaa chini. Mimi nilibaki nimesimama nikisema "Subhanallah", na sikupata neno jingine kwa muda mrefu.

Tuliteremka ndani kwa njia ambayo kiongozi anaijua, tukavuka uwanja wa majivu. Kwa mbali unaonekana laini, lakini ukiukanyaga unavunjika ukoko wa juu na mguu unazama hadi kifundo. Tulipita mawe makubwa yaliyorushwa na milipuko, mengine ya kimo cha mtu, kila moja limekaa ndani ya shimo lililojichimbia lilipoanguka. Kisha tukafika kwenye mdomo wa Chahalé, kreta kuu. Kiongozi alituamuru tulale kifudifudi na kusogea kwa tumbo, kwa sababu ukingo hauna nguvu. Chini kabisa palikuwa na sakafu nyeusi iliyoganda, na kwenye kuta mabaka ya njano na moshi mwembamba uliotoka ufa mmoja, ukitoweka kabla ya kufika juu. Harufu ya kiberiti ilikuja na kuondoka.

Mahali pale palikuwa na ziwa kabla ya Aprili 2005. Mlipuko ule ukaliondoa. Mwaka 2006, mwezi wa Mei, lava ilichemka humo humo ndani usiku na mchana, na watu wa Moroni waliona mawingu ya mlimani yamekuwa mekundu. Januari 2007 ukalipuka tena, na tangu hapo umetulia. Kiongozi aliniambia mwaka 2005 alikuwa Kariakoo, alisikia habari kwenye redio dukani, na hakupata simu ya nyumbani kwa siku mbili. Alisimulia akiwa bado amelala kifudifudi, macho yake kreta.

Saa nne asubuhi ukungu uliingia. Ulipanda ukutani, ukamwagika ndani ya bonde, na kwa dakika chache sikuweza kumwona kijana wa mizigo aliyekuwa hatua kumi mbele. Kiongozi alitukalisha. "Ukungu hautembewi," alisema. Tulikaa zaidi ya saa moja tukila tende na mayai, tukisubiri, na yeye akipiga mluzi mara kwa mara kwa kundi jingine lililokuwa upande wa pili, wakimjibu. Ukungu ulipopungua kidogo tukaondoka upesi. Ndiyo sababu nasisitiza kiongozi: bonde lile halina njia iliyochorwa, majivu yanafuta nyayo, na kuta zinafanana pande zote.

Kushuka kulituchukua siku yote iliyobaki. Sina la kusimulia ila magoti. Maji ya mwisho tuliyanywa juu kidogo ya mashamba, na kwa koko tulifika jua linazama. Alikuwa amekaa kibarazani, ndoo imeshajaa, na kikombe juu yake.

Jumatatu, 18 Agosti: Singani

Miguu ilikataa ngazi, lakini kukaa kwenye gari iliweza. Tulipanda teksi ya kushirikiana kuelekea kusini, faranga 750 kila mtu, tukapita Iconi chini ya jabali ambalo wanawake wa mji walijirusha kutoka juu yake, zama za uvamizi wa Wamalagasi, wasichukuliwe utumwani. Dereva alipunguza mwendo na kutuonyesha, na ndani ya gari kila mtu akanyamaza.

Singani ndipo lava ilipoingia kijijini, Aprili 1977. Mara ile mlima haukufunguka kileleni, ulipasuka ubavuni, huku chini karibu na watu. Kijiji kilijengwa upya, na lava ile ipo bado, ukuta mweusi uliokunjamana, na juu yake migomba imeanza kushika. Pale bangwe, uwanja wanaokaa wazee, tulikaribishwa chai ya tangawizi. Mzee mmoja, aliyekuwa kijana wa shule wakati ule, alitusimulia kwa Kiswahili alichojifunza Zanzibar. Alisema lava ilikuja polepole, ikivunjika kwa sauti ya vyombo, hivyo watu walipata muda wa kuondoka na mikeka, mbuzi na misahafu. Mama yake alirudi mara ya pili kuchukua mtungi. Nyumba haikubaki, birika halikubaki, mtungi anao mpaka leo.

Aliuliza tumekwenda wapi kwingine. Tulipomwambia mlimani tu, akatuchorea kwa fimbo ardhini njia ya Mwali, kisiwa jirani: teksi mpaka Chindini, kusini kabisa mwa kisiwa, kisha boti ndogo za kuvuka hadi Hoani, na kutoka hapo gari mpaka Itsamia, ambako kasa hupanda ufuoni kutaga usiku. Boti huondoka asubuhi bahari ikiwa tulivu, na ikichafuka hamna safari, kwa hiyo weka siku ya ziada kabla ya ndege yako. Sisi hatukuwa nayo. Hesabu yetu yote ya mlima, watu wawili, pamoja na teksi, chakula na maji, ilifika faranga 62,000, na mdogo wangu ameshaanza kuweka akiba ya Mwali.